Nimeuziwa RAM ya 3200, kompyuta inasoma 2133. Nimepigwa?

Shikamoo Anko,

Nina miaka 26, naishi Tabata Segerea, kazi yangu ni kuhariri video za harusi, sendofu na kicheni pati. Mwezi uliopita niliunganisha kompyuta mpya kwa ajili ya kazi. Hela nyingine zilikuwa zangu, nyingine alinikopesha shemeji, mume wa dada yangu. Prosesa ni Ryzen 5 5600G. Kadi ya picha bado sijanunua, bei zake unazijua. RAM ni DDR4, ziko mbili, kila moja GB 8, na kwenye boksi na kwenye kibandiko chake imeandikwa 3200. Nilinunua duka moja Kariakoo, na kijana aliyenihudumia alikuwa mchangamfu, hata maji ya kunywa alinipa.

Juzi shemeji alikuja nyumbani kuangalia “mashine yetu”, ndivyo anavyoiita. Akafungua Task Manager upande wa Memory, akakuta 2133. Akaniuliza, “Si ulisema 3200?” Nikakosa jibu. Alipoondoka nikapakua CPU-Z nijiridhishe, na huko ndiko nilikochanganyikiwa kabisa, maana imeandika 1066. Yaani nimelipia 3200, Windows inasema 2133, CPU-Z inasema 1066. Nikifungua programu ya tatu si itaniambia 500?

Shemeji anasema nimepigwa mchana kweupe, na Jumamosi twende wote dukani “tukakinukishe”. Mimi naona aibu, maana yule kijana nilielekezwa na binamu yangu. Hapa mtaani kuna fundi ameniambia RAM ni nzima ila imelala, na kwa elfu thelathini ataiamsha kwenye BIOS, ile programu ya mazabodi inayoanza kabla ya Windows, mpaka ifike 3600. Fundi wa pili ameniapia nisiruhusu mtu yeyote kugusa BIOS, kwamba kwa umeme wetu huu ukikatika katikati ndio mazabodi imekufa, haifufuki.

Na kusema kweli mashine haijanipa raha niliyoitegemea. Nikiweka video za 4K kwenye taimulaini zinakwamakwama, na hata kompyuta yenyewe nikifungua vitu vingi inakuwa nzito.

Anko, nimeibiwa? Nimpe fundi hela yake? Na shemeji nimwambie nini?

Mhariri wa Harusi, Tabata

N.B. RAM nilichomeka mwenyewe, zote mbili kwenye sloti za karibu na prosesa, nikaacha zile mbili za nje kwa ajili ya kuongeza baadaye. Nimefanya vizuri?

---

Marahaba, mwanangu.

Kwa maelezo yako hakuna dalili ya wizi. Kijana wa Kariakoo mwacheni kwanza. Ila hiyo N.B. yako, uliyoitupia chini kama salamu za mwisho, ndiyo yenye mambo kuliko barua nzima. Nitaifikia.

Tuanze na 1066, maana ndiyo inayokunyima usingizi bure. RAM ya DDR hupitisha data mara mbili katika kila pigo moja la saa yake. CPU-Z inahesabu mapigo ya saa, Task Manager inahesabu mara ambazo data zinapita. Chukua 1066, zidisha mara mbili, unapata 2133 (kuna nusu imekatwa pale, ni 1066.5). Programu mbili zimekuambia kitu kilekile. Siku RAM yako itakapokimbia kwa 3200, CPU-Z itaandika 1600 au hapohapo karibu, na shemeji akianza tena mwonyeshe mstari huu.

Sasa hiyo 2133 imetoka wapi? Kwenye kila RAM kuna chipu ndogo sana, inaitwa SPD, imebeba orodha ya mienendo ambayo RAM hiyo inaiweza. Juu ya orodha kuna mwendo wa kiwango cha JEDEC, chombo kinachoweka viwango vya RAM duniani. Kwa DDR4 viwango hivyo ni kama 2133, 2400, 2666, hadi 3200, vyote kwa volti 1.2. RAM zinazouzwa kwa wajenzi wa kompyuta kama wewe mara nyingi huwa na kiwango cha chini cha JEDEC, halafu pembeni zina profaili ya ziada inayoitwa XMP, mpango uliobuniwa na Intel. Humo ndimo 3200 yako ilimoandikwa, pamoja na taimingi zake (muda RAM inaosubiri kabla ya kujibu) na volti zake, ambazo kwa RAM za aina hii kwa kawaida ni 1.35.

Mazabodi ikiwashwa haichukui XMP yenyewe. Inachukua kile cha kiwango, kwa sababu haijui kama prosesa yako na RAM yako vitaelewana kwa mwendo wa juu, na kitu cha kwanza inachotaka ni kuwaka. Wewe ndiye unayetakiwa kuingia BIOS na kuiambia itumie profaili. Usipoiambia, itakimbia 2133 mpaka utakapoiuza. Kuna watu Dar hii wamelipia RAM ya kasi, wamekaa nayo miaka, hawajawahi kuitumia kasi hiyo hata siku moja. Lawama yangu kwa wauzaji ni hiyo tu: wanauza namba ya boksi, hawasemi kwamba namba hiyo ina swichi.

Ukimwona jirani kompyuta yake ya ofisini inasoma 3200 bila kuguswa, usishangae. Zipo RAM za volti 1.2 ambazo 3200 ndiyo kiwango chao cha JEDEC, zinajikimbiza zenyewe, ila taimingi zake ni nzito, CL22. Zako zikiwa CL16 kwa 3200, kitu kinachoombwa kinaanza kuja baada ya nanosekunde 10. Za jirani ni kama 13.75. Namba moja kwenye boksi, RAM mbili tofauti.

Sasa N.B. yako.

Mazabodi yenye sloti nne huzigawa kwenye chaneli mbili, A na B. Ukihesabu kuanzia upande wa prosesa, kwa kawaida zinapangwa A1, A2, B1, B2. Wewe umejaza mbili za mwanzo. Maana yake RAM zako zote ziko chaneli A, na chaneli B haina kitu. Ni kama Barabara ya Morogoro wafunge upande mmoja, magari yote yabanane upande wa pili, halafu tukae kubishana kuhusu kibao cha spidi.

Tupige hesabu, maana shemeji ni mtu wa namba. Chaneli moja ina upana wa baiti 8. Kwa 2133 inapitisha kama GB 17 kwa sekunde, hicho ndicho ulichonacho leo. Hamishia RAM moja chaneli B bila kugusa BIOS, inakuwa kama GB 34. Kisha washa XMP ifike 3200, inakuwa GB 51 na kidogo. Umeona? Kuhamisha RAM kutoka sloti hadi sloti kunakupa mara mbili. BIOS inaongeza nusu juu yake. Shemeji amekamia deni dogo, lile kubwa hana habari nalo.

Na kwako jambo hili ni zito kuliko kwa mtu mwenye kadi ya picha. Kadi inakuja na kumbukumbu yake yenyewe. Wewe unatumia picha za ndani ya 5600G, ambazo hazina kumbukumbu yoyote, zinakopa kwenye hiyohiyo RAM. Prosesa inakula humo, picha zinakula humo, na mlango uliowafungulia ni mmoja. Kukwamakwama kwa skrini kunaweza kuwa kunaanzia hapo kwa sehemu. Nasema kwa sehemu, sikudanganyi: GB 51 ni uwezo wa njia kwenye karatasi, haimaanishi video ya harusi itatoka mara tatu haraka. Video za 4K zinategemea pia diski na namna kamera ilivyozibana. Tengeneza proksi, zile nakala nyepesi za kuhariria, hata ukishamaliza haya yote. GB 16 kwa 4K si nyingi.

Kwa hiyo zima kompyuta, chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja umeme uliobaki uishe, gusa chuma cha kesi, kisha zitoe zote mbili. Ziweke sloti ya pili na ya nne kutoka kwenye prosesa, yaani A2 na B2. Hizo ndizo ambazo mazabodi nyingi zinazipendelea kwa RAM mbili, ila angalia kijitabu cha yako, kina mchoro. Sukuma mpaka usikie klipu zimelia. Washa, fungua CPU-Z sehemu ya Memory, uone imeandika chaneli mbili. Matoleo mapya yanaandika 2 x 64-bit.

Hapo ndipo unaingia BIOS. Na hapa nimalizane na fundi wako wa pili, yule wa umeme kukatika. Amesikia kitu cha kweli akakibandika pasipo pake. Kinachoweza kuua mazabodi umeme ukikatika ni kuapdeti BIOS, yaani kuifuta programu yake na kuandika mpya. Ukikatwa katikati ya kazi hiyo, ndiyo, unaweza kubaki na bodi isiyowaka, na kazi hiyo usiifanye bila UPS. Kubadili mpangilio ndani ya BIOS ni jambo jingine kabisa. Umeme ukikatika umo ndani, kitakachotokea ni kwamba mabadiliko hayajahifadhiwa. Utawasha, utarudia.

Mara tu unapowasha, gonga Delete mfululizo, kwa bodi nyingine F2. Jina la unachokitafuta linategemea kampuni: ASUS za AMD zinaita D.O.C.P., MSI wanaandika A-XMP, Gigabyte X.M.P., ASRock wana Load XMP Setting. Bodi nyingi zimekiweka ukurasa wa kwanza kabisa. Chagua Profile 1, bonyeza F10, kubali, basi.

Usiandike 3200 kwa mkono ukaacha mengine. Nimeona vijana wengi wakifanya hivyo: wanapandisha mwendo, volti zinabaki 1.2, taimingi bodi inajikisia yenyewe, halafu kompyuta ikizima yenyewe wanasema RAM mbovu. Profaili inaweka vitatu kwa pamoja, mwendo, taimingi na volti, kama mtengenezaji alivyovipima. Vitu vingine vyote kwenye ukurasa ule, FCLK na ndugu zake, viache kwenye Auto.

Ukishahifadhi, kompyuta inaweza kuzima na kujiwasha yenyewe mara mbili tatu, skrini nyeusi, feni zinazunguka. Usichomoe. Bodi inajaribu kuelewana na RAM kwa mwendo mpya. Ikishindwa, nyingi hurudi zenyewe kwenye 2133 na kukuandikia ujumbe. Ikigoma kabisa, zima, chomoa waya, tafuta pini mbili zilizoandikwa CLRTC au CLR_CMOS au JBAT1, ziguse kwa pamoja na ncha ya bisibisi kwa sekunde kadhaa. Au toa ile betri ya duara, CR2032, uiache nje dakika chache. Mipangilio yote inarudi ya kiwandani. Ndiyo maana sioni cha kuogopa hapa: Ryzen 5 5600G yenyewe AMD wameitangaza kwa DDR4 3200. Huivushi mpaka.

Hiyo betri nikuambie jambo moja zaidi. Kama mazabodi uliichukua ya mtumba, na kila ukizima ukutani ukiwasha unakuta imerudi 2133 na saa ya kompyuta imerudi nyuma, XMP haina kosa. Betri imekwisha. Nunua nyingine, ni hela ya chai.

Fundi wa kwanza, wa elfu thelathini na 3600, usimpe.

Sisemi 3600 haiwezekani. RAM nyingi za 3200 zinafika, na prosesa za Ryzen za kizazi chako huipenda. Lakini RAM yako imepimwa 3200. Zaidi ya hapo unategemea bahati ya chipu uliyoipata, na bahati yenyewe haipimwi kwa kuona Windows imewaka. RAM iliyozidishiwa kidogo inaweza isizime kompyuta. Inakosea biti moja hapa, moja kule, kimyakimya. Unanakili faili kutoka kwenye kadi ya kamera kwenda diski, zinapitia kwenye RAM, zinafika na kasoro. Wewe huoni. Unafuta kadi ukapige shughuli nyingine Jumapili. Wiki mbili baadaye unafungua ile klipu ya bibi harusi anaingia ukumbini, inasoma nusu halafu inaganda. Hapo utamwambia nini mama wa bibi harusi? Shughuli haina marudio. Mtu anayecheza gemu akipata kosa la RAM anaanza upya. Wewe kazi yako ni kutunza vitu vya watu ambavyo havitatokea tena, na kwa kazi hiyo 3200 iliyotulia naipenda kuliko 3600 ya kubahatisha. Kasi utakayoongeza ni ndogo mno kwa hatari hiyo.

Kwa sababu hiyohiyo, hata 3200 usiiamini kabla ya kuipima. Pakua MemTest86, toleo la bure linatosha, liweke kwenye flashi, uwashe kompyuta kutokea kwenye flashi, uiache ifanye mizunguko yake minne. Itachukua saa nyingi, lala. Unachotaka kukuta ni sifuri. Kosa moja tu ni kosa, usijipe moyo kwamba moja si kitu. Likitokea, rudisha 2133, pima tena. Kule chini pakiwa safi, washa tena profaili, ushushe mwendo wake hadi 2933 au 3000 uishie hapo, au muulize muuzaji. Kule chini nako likitokea, toa RAM moja, pima moja moja, ujue ipi ni mbovu.

Na pima katika hali unayofanyia kazi. Chumba cha Segerea mwezi wa pili saa nane mchana, dirisha limefungwa kwa sababu ya vumbi, si chumba cha saa kumi alfajiri. RAM ikipata joto makosa yanaongezeka. Mimi ningepima usiku, halafu ningerudia mchana mmoja wa jua kali.

Kuhusu zile sloti mbili ulizozihifadhi kwa baadaye: fikiri mara mbili. RAM zikiwa nne, mzigo kwa prosesa ni mkubwa zaidi, na ile ahadi ya AMD ya 3200 ni ya RAM mbili, zikiwa nne inashuka. Ukichanganya na nyingine ya kampuni tofauti iliyonunuliwa siku tofauti, zote zitalazimika kwenda kwa mwendo wa ile dhaifu, na mara nyingine XMP inakataa kabisa. Hela ikipatikana nunua boksi moja lenye mbili za GB 16, hizi za sasa uuze. Wateja wake wapo.

Shemeji sasa. Usimwambie amekosea, maana amekukopesha na dada yuko upande wake. Mkaribishe Ijumaa jioni, fungua CPU-Z sehemu ya SPD mbele yake, chagua sloti moja kisha ya pili. Hapo kunaandikwa aliyetengeneza, namba ya bidhaa, na chini yake safu za mienendo. Kama kuna safu ya XMP-3200, na namba ya bidhaa ni ileile ya kwenye kibandiko, kijana wa watu amekuuzia ulichoomba. Kisha mwache shemeji mwenyewe abonyeze F10. Mtu aliyewasha kitu kwa mkono wake hakigombanii tena.

Ikitokea SPD haina 3200 popote, au RAM moja inasoma vingine na mwenzake, hapo mna kesi. Piga picha skrini, chukua boksi na risiti ya EFD, nendeni Jumamosi asubuhi mapema kabla Kariakoo haijafurika. Ongea wewe, shemeji asimame nyuma. Muombe yule kijana aichomeke kwenye mashine yake ya dukani aone mwenyewe. Huenda naye aliuziwa hivyohivyo na aliyemletea mzigo, na akiona kwa macho yake atabadilisha upesi kuliko akipigiwa kelele mbele ya wateja.